Chapati za Jumanne si kosa, kosa ni kusahau Jumatano

KILA mwaka, siku ya Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, jikoni nyingi nchini Uingereza hunukia siagi. Mayai hupasuliwa, unga wa ngano hukorogwa kwa maziwa ukawa rojo jepesi, na kikaango hutiwa moto. Watoto husimama kando wakingoja mama airushe chapati juu na kuidaka kabla haijaanguka sakafuni.

Chapati hizo si kama zetu za kusukuma. Ni nyembamba na laini, za aina ile tunayoiita chapati za maji. Waingereza huzila kwa sukari na maji ya limau.

Huenda nawe, msomaji, uliijua desturi hiyo ukiwa shuleni au kanisani, au labda uliiona tu katika televisheni. Siku hizi kuna familia za mijini humu nchini ambazo huiadhimisha, na hoteli ambazo huitumia kuvutia wateja.

Lakini nimesikia sauti mbili zikiilaani. Ya kwanza ni ya wanaojali afya. Wao husema kwamba watu wetu wameshanenepa vya kutosha na hawahitaji kisingizio kingine cha kula unga, mafuta na sukari. Ya pili ni ya waumini wanaouliza ni vipi Mkristo atajitayarisha kwa toba kwa kujaza tumbo.

Naomba kutofautiana na wote wawili. Nina hakika kwamba wangejua chanzo cha desturi hii, wangeitetea. Shida yetu imo katika nusu ya desturi ambayo tumeitupa.

Kumaliza akiba

Hebu turudi nyuma kidogo. Katika Ulaya ya kale, Kwaresima haikuwa jambo la kuacha peremende au pombe pekee. Kanisa liliwakataza waumini nyama, na pia vyakula vitokanavyo na wanyama kama vile mayai, maziwa, siagi na jibini. Mfungo huo uliendelea kwa siku 40, bila kuhesabu Jumapili, hadi Pasaka.

Sasa fikiria nyumba ya mkulima wa wakati huo. Hakuna jokofu. Kuna mayai kapuni, siagi chunguni na maziwa kwenye ndoo. Mvua au jua, kesho vyakula hivyo haviruhusiwi mezani, na baada ya majuma sita vingi vitakuwa vimeoza. Afanyeje?

Kuvitupa kungekuwa kufuru. Hivyo alivikusanya pamoja na unga, akakaanga chapati, akawaita wa nyumbani mwake na jirani, wakala. Katika sehemu kadhaa za Uingereza nyama ilimalizwa siku ya Jumatatu, kisha mayai na mafuta yakamalizwa Jumanne.

Siku hiyo pia ilikuwa ya kuungama. Hata jina lake la Kiingereza limetokana na neno la kale lenye maana ya kuungama na kuondolewa dhambi. Kengele ya kanisa ililia kuwaita watu waende kwa kasisi. Baadaye watu waliizoea wakaiita kengele ya chapati.

Katika mji wa Olney, inasimuliwa kwamba mwaka 1445 mwanamke mmoja aliisikia kengele hiyo akiwa bado anapika. Alitoka mbio hadi kanisani, aproni kiunoni na kikaango mkononi. Hadi leo wanawake wa Olney hushindana mbio za mita zipatazo 380 wakiwa wamejifunga vitambaa kichwani na kubeba vikaango vyenye chapati. Tangu mwaka 1950 wamekuwa wakishindana pia na wenzao wa mji wa Liberal, jimbo la Kansas, Marekani, kwa kulinganisha muda wa washindi.

Msomaji, utaona kwamba chapati ile ilikuwa na kazi tatu. Ilizuia chakula kisiharibike. Ilikusanya familia. Na iliweka mpaka ambao hata mtoto angeuelewa: leo tunamaliza, kesho tunaanza.

Sisi tulio karibu na Pwani tunalijua jambo hilo kwa jina letu wenyewe. Waswahili wa Mombasa, Lamu na Zanzibar huvunja jungu mwishoni mwa mwezi wa Shaaban. Watu hupika, hualikana na kula pamoja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mwaka 2025, na tena 2026, mfungo wa Waislamu na ule wa Wakristo ilianza karibu wakati mmoja, kwa hivyo jungu na kikaango vilikuwa mekoni karibu pamoja.

Lakini tofauti moja ni kubwa. Aliyevunja jungu, kwa kawaida, hufunga kweli. Je, aliyekula chapati?

Mfungo ulienda, chapati ikabaki

Huko Uingereza mfungo wenyewe ulianza kulegea zamani. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliruhusu raia wake wale mayai, maziwa na jibini wakati wa Kwaresima, kwa sababu samaki walikuwa adimu na ghali. Kuanzia hapo mayai hayakuwa na haja ya kumalizwa Jumanne. Hata hivyo, chapati haikuondoka. Miongo kadhaa baadaye William Shakespeare aliitaja katika mchezo wake kama jambo ambalo kila mtazamaji alilijua.

Kwingineko hali ilikuwa hivyo hivyo. Wafaransa huiita siku hiyo Jumanne nono, na jina hilo ndilo lililovuka bahari hadi New Orleans, Marekani, ambako imegeuka kuwa sherehe ya muziki, mavazi na vinywaji. Watu wa Iceland wana jina la waziwazi zaidi: kwao ni siku ya kupasuka, na huila kwa nyama ya chumvi na supu ya njegere. Warusi hutenga wiki nzima ya chapati nyembamba kabla ya mfungo wa Kiorthodoksi.

Wasweden nao hula mikate myororo iliyojazwa krimu na lozi. Mfalme wao, Adolf Fredrik, alifariki Februari 12, 1771, siku ya karamu hiyo. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekula kamba, mayai ya samaki na samaki wa kukaushwa kwa moshi, akashushia kwa shampeni, kisha akamalizia kwa mikate hiyo 14 katika maziwa moto. Wasweden wanamkumbuka kwa masihara kama mfalme aliyejilia hadi kufa.

Simchekeshi mtu kwa kifo cha mfalme. Ninataka uone jinsi mambo yanavyokuwa pale mpaka unapoondolewa. Karamu iliyowekwa ili kufungua mlango wa kiasi inabaki kuwa karamu tu.

Wapo waliokataa njia hiyo. Jirani zetu Waethiopia wa Kanisa la Kiorthodoksi wangali wanafunga siku 55 kabla ya Pasaka bila nyama, maziwa wala mayai. Wakati huo wanakula injera kwa dengu, mbaazi, kabichi na mboga nyingine. Ukienda katika mkahawa wa Kiethiopia jijini Nairobi na kuomba chakula cha mfungo, utaletewa sinia ambayo mtaalamu yeyote wa lishe angeisifu.

Hesabu ya kikaango

Sasa tuwajibu wanaosema chapati hii ni sumu. Chukua karatasi tuhesabu pamoja.

Gramu 200 za unga wa ngano zina kalori 700 hivi. Mayai mawili ni 150. Nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ni 320. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kukaangia ni 240. Jumla ni karibu kalori 1,400. Rojo hilo linatoa chapati 12 nyembamba, na kila moja ina kalori zisizozidi 120.

Familia ya watu sita ikigawana, kila mmoja anapata mbili. Hizo ni kalori 240, pamoja na protini ya mayai na madini ya chokaa yaliyomo katika maziwa. Andazi kubwa la mtaani na chai yenye sukari vijiko vitatu si bora kuliko hapo. Kwa hivyo, yeyote anayekwambia kwamba chapati mbili kwa mwaka zitakuletea ugonjwa wa moyo anakutisha bure.

Lakini badilisha kidogo. Kula tano peke yako. Nyunyizia kila moja kijiko kikubwa cha sukari. Umeshapita kalori 800 na kula gramu 60 za sukari. Ongeza chupa ya soda ya nusu lita, yenye zaidi ya gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anayetumia kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na kwamba akishuka hadi 25 ndivyo vizuri zaidi. Wewe umefika gramu 110 kwa mlo mmoja.

Angalia tena kilichobadilika. Yule mkulima alipika kilichokuwamo ndani ya nyumba, akakigawanya, kikaisha. Sisi hutoka kazini, tukapitia dukani na kununua unga mpya, trei nzima ya mayai, siagi, sharubati na krimu. Desturi iliyowekwa ili kumaliza chakula imekuwa sababu ya kununua kingine. Kinachobaki tunakila kesho yake, ile siku ya majivu.

Nitaanza kesho

Hapa ndipo desturi hii inapomgusa hata msomaji asiye Mkristo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 nchini Kenya, 27 walikuwa wanene kupita kiasi, na karibu 24 walikuwa na shinikizo la damu. Wengi wa wenye shinikizo hawakuwa wakijua.

Ukizungumza na watu hao, wachache watakwambia kwamba hawataki kubadilika. Wengi wana mpango. Wataanza Jumatatu. Wataanza mwezi ujao, baada ya harusi ya binamu au baada ya Krismasi. Na kwa kuwa wataanza kesho, leo wanajiruhusu kila kitu. Nyama choma leo, kesho mboga. Chipsi leo, kesho matembezi.

Hiyo ni Jumanne ya chapati isiyokuwa na Jumatano. Mtu anaagana na chakula kila wiki, na wiki ijayo bado wako pamoja mezani.

Mwili haudanganyiki. Kula kupindukia usiku hakukuwekei akiba ya kukusaidia kuvumilia njaa ya kesho. Unga mweupe na sukari hupandisha haraka kiwango cha sukari katika damu, kongosho likatoa insulini kwa wingi, na baada ya saa chache unahisi njaa tena. Mafuta mengi hukaa tumboni kwa muda mrefu, nawe ukilala upesi unaamka na kiungulia. Mwenye mawe katika kibofu cha nyongo anaweza kushikwa na maumivu makali usiku huo huo.

Wale wa kale walikuwa na faida moja juu yetu. Jumatano ilipofika, mayai hayakuwamo nyumbani. Walisaidiwa na kabati tupu. Sisi tunataka kushindana na kabati lililojaa kwa kutumia nia peke yake, na tukishindwa tunajilaumu kwamba hatuna msimamo.

Si kila mtu afunge

Nikisema turudishe Jumatano, sisemi kila mtu ashinde njaa. Jambo hili nalisema kwa uchungu.

Shangazi yangu mmoja ana ugonjwa wa kisukari na hudungwa insulini. Mwaka mmoja alikula chapati na wajukuu wake Jumanne jioni, akafurahi. Asubuhi ya Jumatano ya Majivu alijidunga sindano yake kama kawaida, lakini akaapa hataonja kitu hadi jioni.

Wakati wa ibada ya mchana alianza kutokwa na jasho na kutetemeka. Waliokaa karibu walidhani amezidiwa na maombi. Alipoanza kuongea maneno yasiyoeleweka, muuguzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa waumini aliruka viti na kuagiza maji ya sukari. Baada ya robo saa hivi shangazi alifumbua macho akauliza yuko wapi.

Padri alimtembelea jioni. "Mama," alimwambia, "ni nani aliyekuambia kwamba mgonjwa ni lazima afunge?"

"Padri, niliona haya kunywa chai wenzangu wakiwa na njaa," akajibu.

Haya hiyo ingemuua. Naye alikuwa hajui kwamba taratibu za Kanisa Katoliki huwataka wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu walio na umri wa miaka 18 hadi 59 pekee, na hata wao wanaruhusiwa mlo mmoja kamili na miwili midogo. Wagonjwa wamesamehewa. Shangazi alikuwa na miaka 66.

Kwa hivyo shika maneno haya. Ikiwa unatumia insulini au tembe za kupunguza sukari, usiruke mlo kabla ya kuzungumza na daktari wako. Huenda dawa ikahitaji kupunguzwa au kubadilishwa saa, na uamuzi huo si wako wala wa jirani. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo, wenye magonjwa ya figo na wanaotumia dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula, nao waulize kwanza.

Dalili za sukari kushuka ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani. Mkimbize hospitali.

Mtu wa namna hii ana njia nyingi za kutimiza Kwaresima. Anaweza kuacha soda. Anaweza kupunguza chumvi. Anaweza kutembea hadi kituo cha pili cha matatu, na nauli iliyookolewa akampa asiyekuwa na chochote. Hakuna daktari atakayemkataza.

Tufanyeje basi?

Pendekezo langu ni hili. Jumanne hiyo ikifika, kaanga chapati bila kuona aibu. Lakini ziwe za kumaliza kilichomo nyumbani. Kabla ya kwenda dukani, fungua kabati. Tazama ule unga uliobaki, mayai manne yale na maziwa yanayokaribia kuganda. Anzia hapo.

Tumia kikaango kisichoshika ili mafuta yawe ya kupaka tu. Changanya unga mweupe na ule wa ngano isiyokobolewa nusu kwa nusu. Badala ya sukari, tia ndizi mbivu iliyopondwa, nanasi au maji ya limau. Mbili zinamtosha mtu mzima. Waite watoto waje wajaribu kuzirusha, na ikianguka moja, mcheke pamoja. Kisha mpelekee jirani sahani, hasa yule anayekaa peke yake.

Baada ya kula, fanyeni jambo ambalo wengi tumelisahau. Kila mmoja mezani aseme ni nini kitakachotoka nyumbani humu kwa siku 40. Kiwe kimoja tu, na kiweze kuonekana kwa macho. Chupa ya soda. Pakiti ya sigara. Mkebe wa sukari mezani. Kitoeni usiku huo huo. Asiyekuwa Mkristo naye anaweza kuchagua siku yake mwenyewe na kufanya vivyo hivyo.

Siku 40 si chache. Ulimi aliouzoea mtu kwa vijiko vinne vya sukari huanza kuona viwili vimetosha. Anayepanda ngazi kila siku huona pumzi imerudi. Na Pasaka ikifika, ukila yai utalihisi utamu wake kama vile yule mkulima alivyouhisi, kwa sababu ulilingoja.

Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Ningependa kuongeza kwamba aliyeshika nusu ya mila, ile nusu tamu, hana tofauti kubwa naye. Kula chapati zako Jumanne, msomaji. Lakini Jumatano asubuhi, ukifungua kabati la jikoni, liwe na nafasi wazi.